Mlango wa Mbele, Watoto Wakiwa Macho

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa taulo. Nilitegemea mtoto, nikapewa taulo. Lilikuwa jeupe, limeviringishwa na kufungwa mpaka likawa na kichwa na kiuno, na yule mama aliyenipa alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, ananitazama bila haraka yoyote.

"Mbebe," akasema.

Nikambeba. Yaani, nikalibeba.

"Umeshamvunja shingo. Haya, tena."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mdomo hauna breki, na nilikuwa nimeshafukuzwa sehemu mbili kwa sababu ya hasira zangu. Nikamwambia, "Mama, hili ni taulo tu jamani." Akacheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia nivunje shingo zote ninazotaka asubuhi ile, kwa sababu mchana nitapewa mtu.

Huyo ndiye Mama Sakafu. Alikuwa mratibu wa walezi katika kituo chetu cha kulelea watoto, wale wadogo kabisa, kuanzia miezi mitatu mpaka miaka mitatu. Walezi tulikuwa kumi na wawili na vyumba vitatu: cha wachanga, cha wanaotambaa, na cha wanaotembea, ambacho sisi tulikiita uwanja wa vita. Ofisini kwake kulikuwa na kiti kizuri cha kuzunguka, na hicho kiti alikitumia kuanikia vitambaa vya kufutia mate. Kutwa alikuwa chini na watoto, ndiyo maana tukamwita hivyo. Siku moja mkurugenzi alileta wageni, wakamtafuta jengo zima, wakamkuta kalala kifudifudi, uso kwa uso na mtoto wa miezi mitano. "Samahani," akawaambia bila kuinuka, "tuko kwenye kikao."

Mimi alinibatiza Baruti wiki ile ile ya kwanza. Sikuuliza kwa nini.

Sasa, namna yake ya kuongoza watu, sijaiona kwingine. Hakuwahi kumgombeza mlezi mbele ya mtoto, hata mara moja. Alikuwa anakuja kwenye chumba chako, anakaa kwenye kona yake, saa nzima hasemi neno. Wewe huku jasho linakutoka, unabadilisha nepi kama mtu anayefanya mtihani. Halafu mkiwa nje mnaanua nguo, anakuuliza swali moja tu: "Yule mtoto alikuwa anakwambia nini?" Mwaka wa kwanza nilikuwa najibu, "Alikuwa analia tu, Mama." Naye anasema, "Haya. Kesho nitakuuliza tena." Na kweli anauliza! Nilimwona msumbufu, nakwambia ukweli. Lakini ikafika siku nikasikia mtoto analia, nikajua huyu hana njaa, huyu mwanga wa dirishani unampiga machoni. Nikamsogeza, akanyamaza. Nilitaka kukimbia kumwambia, nikageuka, nikamkuta yupo mlangoni ameshaona, anafuta machozi kwa kitambaa cha mate.

Kulikuwa na neno moja lililotuokoa sote. Ukizidiwa, watoto watatu wanalia kwa pamoja, wa nne amekutapikia, na unaanza kusikia damu inapanda, alikuwa anatokea, anamchukua mtoto mikononi mwako na kusema, "Nenda kanywe maji." Hakuna kuulizwa, hakuna kuandikiwa barua. Unatoka, unakunywa maji, unarudi. Nilikunywa maji mengi mwaka ule, mpishi akadhani nina ugonjwa.

Lakini kama kuna jambo ambalo angelipigania hata kwa mawe, ni kuaga. Mtoto hatorokwi. Iwe ni mama yake anayekwenda kazini, iwe ni mlezi anayekwenda kula, utapiga magoti mpaka macho yako yawe sawa na yake, utamwambia unakwenda wapi, utamwambia unarudi lini kwa saa anayoijua yeye: ukiamka, ukishakula. Umwache alie, usimwambie nyamaza. Halafu umkabidhi kwenye mikono ya mtu, utoke kwa mlango wa mbele anakuona. Kulikuwa na baba mmoja, bwana wa suti, alizoea kujichomoa mkononi mwa mwanawe na kuchapuka wakati mtoto anatazama puto. Mama Sakafu alimsimamia getini.

"Rudi ukamuage mtoto."

"Mama, nitachelewa kazini."

"Umeshachelewa. Rudi."

Yule bwana alirudi, akapiga magoti na suti yake, mtoto akalia kilio cha mwaka, na baba naye akatoka akiwa anapenga kamasi. Tulicheka wiki nzima. Ila mimi nilimuuliza Mama, kwani kuna ubaya gani kumkwepa mtoto kidogo, si ni kumpunguzia machungu?

"Machungu unajipunguzia wewe," akasema. "Mtoto ukimtoroka mara ya kwanza, anakutafuta. Chini ya meza, nyuma ya pazia. Mara ya pili anakutafuta kidogo. Baadaye, ukirudi, anakupa mgongo. Watu watakwambia amezoea. Baruti, mtoto hazoei. Amekata tamaa na wewe."

Nikauliza, akishakupa mgongo dawa yake nini. Akasema hakuna dawa ya haraka. Unakaa sakafuni nyuma yake, humvuti, humbembelezi. Unaaga kila unapoondoka, unarudi pale uliposema utarudi. Ndiyo hivyo, mpaka siku atakapotaka mwenyewe.

Miaka kumi na tisa nilifanya kazi chini ya yule mama. Nilikuja kuwa msaidizi wake. Aliwafundisha walezi mpaka nikapoteza hesabu, wengine wameanzisha vituo vyao, na wote wanaanza na taulo. Wazazi wengine waliomletea watoto, yeye mwenyewe alikuwa amewalea wao. Mumewe alimfia mapema, alibaki na binti mmoja, fundi cherehani. Zaidi ya huyo binti na sisi, hakuwa na mwingine duniani.

Ijumaa moja tulikuwa tunaosha vitu vya kuchezea kwenye beseni kubwa uani. Akasimamisha mikono ndani ya povu.

"Baruti, asubuhi nimesimama mlangoni kwa wachanga, sikujua nimefuata nini. Na si mara ya kwanza."

"Aa, Mama, hata mimi nasahau. Jana nimetafuta miwani na ninayo usoni."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama yangu ilimwanza hivi hivi. Najua inakokwenda."

Akaokota kifaru cha plastiki, akaanza kukisugua taratibu masikioni.

"Nataka uniahidi kitu kimoja. Siku yangu ikifika, nitoke kwa mlango wa mbele, watoto wakiwa macho. Niwaage mmoja mmoja. Kama majina yatakuwa yamenipotea, utaninong'oneza."

"Nakuahidi, Mama."

"Sema yote."

"Mlango wa mbele, watoto wakiwa macho."

"Haya," akasema, akanipa kifaru nikisuuze.

Haikupita miezi mingi. Asubuhi moja tulisikia ukelele kutoka chumba cha wachanga: vitanda sita, watoto watano! Mlinzi akafunga geti, akatoka mbio barabarani. Mpishi akaja na upawa mkononi. Mama Sakafu mwenyewe alikuwa anafungua makabati, anahema, analia, "Mtoto wangu wa kitanda cha dirishani yuko wapi? Jamani, mtoto wa watu!" Ndipo mpishi akasema, "Mama, si huyo mgongoni?" Na kweli, alikuwa mgongoni mwake, kwenye mbeleko, amelala fofofo, mate yanamchuruzika. Loh! Tulicheka mpaka tukakaa chini, ile furaha ya kuponea. Na yeye akacheka. Halafu akauliza, "Nilimbeba saa ngapi?" Tukaangaliana. Hakuna aliyecheka tena.

Tulimficha. Ndiyo, tulimficha, na ningerudia. Tukamwekea mtu wa kuwa naye kila saa, tukajifanya ni utaratibu mpya. Lakini siku moja yule mtu alikwenda kupokea mtoto getini, dakika mbili tu, nami nikapita chumba cha kuogeshea. Mtoto wa miezi saba alikuwa ndani ya beseni, anapigapiga maji kwa furaha, peke yake. Maji yalikuwa vidole vinne tu. Mama alikuwa chumba cha pili, taulo begani, anaimba. Nilimtoa yule mtoto nikamkumbatia na maji yake mpaka nikalowa. Nikajua sasa basi. Nikaenda kwa mkurugenzi kwa miguu yangu, nikamshtaki mama yangu. Sina neno jingine la kuliita.

Mkurugenzi si mtu mbaya. Alifuta miwani. Akasema Ijumaa ndiyo iwe mwisho. Akaniuliza tufanyeje, maana watoto wakianza kulia wote kwa pamoja, naye analia, wazazi wako mlangoni, itakuwaje?

Nikasema, "Atoke wakiwa wamelala."

Ni mimi niliyesema. Mkurugenzi hakunilazimisha, alikuwa anauliza tu. Nilijiambia namsitiri Mama, asije akamwita mtoto kwa jina la mama yake mbele ya watu. Uongo mtupu! Nilikuwa najisitiri mimi. Sikutaka kusimama pale nimnong'oneze majina huku ananitazama, na mimi ndiye niliyemshtaki.

Ijumaa, saa saba na nusu mchana, mapazia yamefungwa, watoto wamelala, feni inazunguka. Mfuko wake ulikuwa na ndala, mbeleko, na lile taulo jeupe. Nikamshika mkono. Miguu yake ilielekea mlango wa mbele yenyewe, kwa mazoea. Nikamgeuza kuelekea jikoni.

"Tunakwenda wapi?"

"Tunatoka kidogo, Mama."

"Wamelala?"

"Wamelala."

Akasimama. "Nimewaaga?"

Mpishi aligeukia sufuria zake. Nikasema, "Umewaaga, Mama."

"Wote?"

"Wote."

Alinitazama sana. Mpaka leo sijui kama alijua. Halafu akanifuata, tukatoka kwa mlango wa jikoni, tukapita kwenye mapipa ya taka, na binti yake alikuwa anamsubiri kwa nyuma.

Jumatatu wakaanza kumtafuta. Kulikuwa na binti wa mwaka mmoja na nusu tuliyemwita Mwenyekiti, kwa namna anavyokaa wima na kuwatazama wenzake kama wamechelewa mkutano. Huyo alikwenda ofisini akachungulia chini ya kile kiti cha kuzunguka. Akaenda nyuma ya mapazia, moja baada ya jingine. Jumanne tena. Jumatano akachungulia kiti tu. Alhamisi hakwenda. Mlezi mmoja mgeni akasema, "Afadhali, ameshazoea." Nikawaka! "Hajazoea! Usiniambie amezoea, hujui unachosema!" Watoto wakakodoa macho. Yule mlezi mgeni, maskini, hakukasirika. Akaja akanigusa bega na kuniambia, "Dada, nenda kanywe maji." Nilikwenda nikafungulia bomba, nikalia mpaka ndoo ikafurika.

Nikawa namtembelea Mama kila Alhamisi, siku ambayo zamu yangu huisha mapema. Binti yake ameweka cherehani chumba cha mbele, na Mama anakaa chumba cha ndani, sakafuni, amekataa kiti. Kutwa analea lile taulo. Analiogesha, analilaza, analiambia, "Sasa nakugeuza, usishtuke." Na shingo haivunji! Mimi alikuwa haniiti jina. Aliniita "wewe" au "mwalimu". Lakini tulikaa vizuri, alinipa taulo nimshikie.

Taabu ilikuwa kuaga. Nilijikaza kisabuni, nikawa naaga kama alivyonifundisha, na kila nikiaga alining'ang'ania gauni na kulia kwa sauti kama watoto wetu. Nikifika barabarani bado namsikia. Alhamisi ya saba binti yake akasimamisha cherehani.

"Dada, usinielewe vibaya. Ukishaondoka mimi ndiye ninayebaki naye. Analia mpaka jioni, hali chakula. Nina nguo za watu hapa. Nakuomba, leo akizama kwenye taulo lake, wewe teleza tu."

Ningemwambia nini? Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, sindano iko mdomoni. Tena nitasema ukweli wote: nilifurahi kuombwa. Kile kilio kilikuwa kinanimaliza. Nikamsubiri Mama ageuke kulifunika taulo, nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Mwanafunzi wake wa miaka kumi na tisa, nanyata kama mwizi wa kuku.

Jioni simu ikalia. Alikuwa binti yake.

"Dada, ulimwambia unakwenda wapi?"

"Sikumwambia kitu. Si wewe uliniambia niteleze? Analia sana?"

"Halii. Ningependa alie. Anatafuta. Amechungulia chini ya kitanda, nyuma ya pazia, amefungua mpaka kabati la vyombo. Namuuliza, mama, unatafuta nini? Ananiambia, 'Baruti alikuwa hapa.'"

Miezi miwili hakuwa amelitaja jina langu.

Kesho yake niliomba ruhusa, nikaenda mbio, hata nywele sikuchana. Nilimkuta sakafuni, ameuelekea ukuta. Nikasema, "Mama, nimekuja. Mimi Baruti." Aligeuka nusu, akaniona, nina hakika aliniona. Kisha akarudi ukutani, akavuta taulo lake karibu, akanipa mgongo. Nilitaka kumzungukia, kumshika mikono, kumwambia nisamehe. Lakini najua hairuhusiwi. Nikakaa sakafuni nyuma yake.

Alhamisi kumi na moja sasa nakaa sakafuni nyuma yake. Simvuti, simbembelezi. Ule mgongo nimeshaujua, najua hata uzi uliochomoka kwenye kola ya gauni lake. Nami najua kwamba wale watoto wetu, Mungu akijalia, wana miaka mbele yao ya kugeuka. Yeye sijui ana mingapi. Binti yake husema nisijisumbue, hata haelewi tena, ameshazoea. Simjibu, huwa naomba maji ya kunywa.

Alhamisi iliyopita nilipiga magoti kama kawaida. Nikauambia ule mgongo, "Mama, sasa naondoka. Nakwenda nyumbani. Nitarudi Alhamisi, ukishakula chakula cha mchana."

Hakugeuka. Ila safari hii nilimsikia anasema kitu. Aliinama kwenye taulo, ameliwekea kiganja chini ya shingo, akaliambia taratibu, kwa ile sauti aliyokuwa anawatulizia watoto wa watu miaka yote ile:

"Usimlilie huyo. Huyo ni wa kutoroka."

Nikainuka, nikapita chumba cha mbele, nikavaa viatu vyangu mlangoni ambapo angeniona kama angegeuka. Nilikaa pale muda mrefu, nafunga kamba.